Mpaka wa Shule: Chuo Kikuu cha Pennsylvania na Majirani Zake wa West Philadelphia

Ijumaa moja ya Januari 2013, wazazi walianza kupanga foleni kwenye baridi nje ya shule moja ya serikali huko West Philadelphia, Marekani. Usajili wa chekechea ulikuwa ufunguliwe Jumanne. Walikuja na viti vya kukunja na mablanketi, wakijiandaa kukesha. Mwaka uliotangulia ilikuwa vivyo hivyo. Lakini Jumanne haijafika, mamlaka ya shule za jiji ikatangaza kwamba foleni haitahesabiwa tena, na nafasi zitagawanywa kwa kura. Waliokwisha kujipanga wakakunja viti vyao wakarudi nyumbani, wasijue kama mtoto wao atapata nafasi katika shule iliyo mtaani kwao, shule ambayo wengi wao walinunua nyumba hapo kwa ajili yake.

Naanza na foleni hiyo kwa sababu miaka 20 kabla yake hakuna ambaye angekesha nje ya shule ya serikali katika mtaa ule. Watu walikuwa wanahama. Kilichobadilisha mambo ni uamuzi wa chuo kikuu kimoja tajiri, kikishirikiana na jiji kwa namna ambayo nitaieleza, kuufufua mtaa unaokizunguka. Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa kuigwa, na mengi ndani yake yanastahili kuigwa kweli. Lakini kuna kosa moja ambalo naona wanaokisimulia hulipita haraka mno, na kosa hilo lilikuwa katika mpangilio wa hatua: kipi kilitangulia, na kipi kiliachwa kije baadaye.

Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambacho wenyeji hukiita Penn tu, kinatokana na kazi ya Benjamin Franklin katika karne ya 18. Mwaka 1872 kilihama katikati ya jiji kikavuka mto Schuylkill na kuweka makao upande wa magharibi. Mwaka 1950 Philadelphia ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Kufikia 2000 walikuwa wamebaki kama milioni 1.5. Viwanda vilifungwa, Wazungu wenye uwezo wakahamia vitongoji vya nje ya jiji, na Weusi, ambao wengi wao familia zao zilitoka majimbo ya Kusini kufuata kazi za viwandani, wakabaki na kazi zinazopungua na nyumba zinazochakaa.

Mwaka 1959 Penn na taasisi jirani, Chuo Kikuu cha Drexel kikiwemo, ziliunda shirika la pamoja la kuendeleza eneo hilo, lililoitwa West Philadelphia Corporation. Mwaka huohuo sheria ya nyumba ya shirikisho iliruhusu fedha za serikali kuu zitumike kujenga upya maeneo yanayopakana na vyuo vikuu. Kila mshirika akaleta alichonacho: chuo kikaleta mipango, serikali kuu ikaleta fedha, jiji likaleta mamlaka ya kutwaa ardhi. Mtaa wa Weusi ulioitwa Black Bottom ukabomolewa katika miaka ya 1960, maelfu ya watu wakaondolewa, na kituo cha utafiti wa sayansi kikapanda mahali palipokuwa na nyumba, makanisa na vinyozi. Februari 1969 wanafunzi walikalia jengo la College Hall kwa siku 6 kupinga uhamishaji huo. Waliozaliwa Black Bottom, pamoja na watoto na wajukuu zao, wameendelea kukutana kila Agosti kuukumbuka mtaa ambao haupo tena.

Kwa hiyo anayesema ushirikiano wa chuo na jiji ulizaliwa miaka ya 1990 anakosea. Ulikuwapo tangu zamani, na ulifanya kazi kwa ufanisi mkubwa. Ndio uliobomoa Black Bottom. Mtu akisoma yaliyofuata bila kukumbuka hilo, hataelewa kwa nini wazee wa West Philadelphia walikunja uso kila chuo kilipowajia na mpango mpya.

Na jiji nalo lilikuwa na deni lake. Mei 13, 1985, baada ya mapambano na MOVE, kikundi cha wanaharakati Weusi, polisi waliangusha bomu kutoka kwenye helikopta juu ya nyumba moja ya Osage Avenue, na moto ukaachwa uenee. Watu 11 walikufa, 5 kati yao watoto, na nyumba 61 ziliteketea. Majira hayohayo, wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuwa wakisoma na wanahistoria Lee Benson na Ira Harkavy, pamoja na rais wa chuo Sheldon Hackney aliyefundisha nao somo hilo, walipendekeza mradi wa kuwapa vijana wa mtaani kazi. Mradi ukaanza, ukahamia shuleni, ukakua.

Njia hii ya Harkavy nitaikalia kidogo kwa sababu haina majengo ya kupigwa picha na kwa hiyo husahaulika. Wazo lake ni kwamba shule ya serikali iwe kitovu cha mtaa, na chuo kilete masomo yake yenyewe pale, kazi halisi ya darasani na si msaada wa siku za sikukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Francis Johnston alikuwa akifundisha lishe kama inavyofundishwa popote: mhadhara, vitabu, mtihani. Aliligeuza somo lake likawa uchunguzi wa lishe ya watoto wa shule ya kati ya Turner, huku watoto wenyewe wakiwa watafiti pamoja na wanafunzi wa chuo. Mtoto wa Turner alijifunza hesabu kwa kuhesabu anachokula, na mwanafunzi wa chuo alijifunza kwamba takwimu ya lishe duni ina jina na inakaa dawati la pili. Mwaka 1992 kazi hiyo ilipewa kituo maalumu ndani ya chuo, ambacho leo kinaitwa Netter Center. Ni njia ya polepole. Haikuweza kuzuia kilichokuja.

Agosti 1994 mwanafunzi wa uzamivu wa hisabati aliuawa kwa risasi mitaa michache kutoka chuoni. Oktoba 31, 1996, mtafiti wa baiokemia alichomwa kisu akafa karibu na nyumbani, na wiki chache kabla mwanafunzi mwingine alikuwa amepigwa risasi akanusurika. Wazazi walipiga simu. Wapo waliotaka chuo kijizungushie uzio, wapo waliotaka polisi wengi zaidi. Rais wa chuo wakati huo alikuwa Judith Rodin, aliyeingia madarakani 1994, mzaliwa wa Philadelphia aliyesoma Penn mwenyewe. Pamoja na makamu wake mtendaji, John Fry, aliamua kwamba chuo kisingengoja jiji. Jiji lilikuwa limetoka kwenye ukingo wa kufilisika mwanzoni mwa muongo ule na halikuwa na cha kutoa.

Walishika mambo matano kwa mpigo: usafi na usalama, nyumba, biashara, ajira na manunuzi, na shule. Hapo ndipo penye akili ya mpango huu. Miji mingi hushika moja, likasuasua kwa sababu mengine yamelala. Ukikarabati nyumba kwenye barabara yenye giza, hakuna anayehamia. Ukiweka taa mahali ambapo hakuna duka, zinamulika utupu.

Na taa zenyewe zinafaa kutazamwa kwa karibu. Barabara za West Philadelphia zina nyumba zilizoshikana zenye baraza mbele, na miti mikubwa inayofunika taa za barabarani. Unaweza kuwa na nguzo ya umeme kila kona na bado mtu akatembea gizani chini ya majani. Mpango uliobuniwa ulikuwa wa kuwashawishi wenye nyumba wafunge taa kwenye nyumba zao wenyewe, upande wa mbele, kwa gharama iliyochangiwa, majirani wa safu nzima wakikubaliana kufanya pamoja. Mwanga ukawa unatoka barazani, chini ya matawi, usawa wa uso wa mtu. Tena ili kufunga taa hizo ilibidi mtu abishe hodi kwa jirani ambaye huenda hajazungumza naye miaka. Napenda sehemu hii ya kisa kuliko zote. Ni kitu kidogo, kilihitaji mwenyeji aseme ndiyo, na kilimfaa mwenye nyumba na mpitanjia kwa kiasi kilekile.

Mwaka 1997 kikaundwa chombo cha kufagia, kufuta michoro ya ukutani na kuweka walinzi wa miguu, kwa jina University City District. Miji mingine huendesha vyombo vya namna hii kwa tozo juu ya majengo. Hapa isingewezekana, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ni ya vyuo na hospitali zisizolipa kodi ya majengo. Basi taasisi zikachanga kwa hiari, Penn ikiwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa. Neno hilo, hiari, tutalirudia.

Kwenye nyumba, mwaka 1998 chuo kiliwaambia wafanyakazi wake: nunua nyumba ndani ya eneo hili, tukupe dola 15,000 mara moja, au dola 3,000 kila mwaka kwa miaka 7. Nyumba zilizoachwa tupu, kama 20, chuo kilizinunua, kikazikarabati na kuziuza kwa watu wa kuishi humo. Ulikuwapo pia mfuko uliohusisha Fannie Mae, kampuni kubwa ya kugharamia mikopo ya nyumba, ulionunua fleti za kupangisha ili zitunzwe na kodi isipande ovyo. Kwa haki ya waliopanga, hilo lazima lisemwe: walilifikiria suala la wapangaji. Ila walilifikiria kwa kipimo cha fleti chache, wakati soko lote la mtaa lilikuwa linaelekea kwingine.

Biashara sitakaa nayo sana. Lilijengwa eneo la hoteli na duka la vitabu upande wa mashariki, kisha supamaketi na sinema kwenye barabara ya 40. Supamaketi ilifunguliwa 2001, na kwa mtaa uliokosa mahali pa kununua mboga safi ilikuwa neema. Wachuuzi wa vyakula vya barabarani, walioulisha mtaa huo wakati hakuna mwingine aliyetaka kuweka biashara pale, ndio waliobanwa. Sheria ndogo ya jiji, ambayo chuo kiliipigia debe, iliwaondoa kwenye baadhi ya barabara na kuwapanga kwenye viwanja maalumu, baada ya mvutano mkali wa 1997 na 1998.

Sasa shule.

Mwaka 1998 Penn, mamlaka ya shule za Philadelphia na chama cha walimu walitia saini makubaliano ya kujenga shule mpya ya serikali, ndiyo ile ya foleni, kwenye ardhi ya chuo, karibu na barabara ya 43. Shule ingekuwa wazi kwa watoto wa eneo lake bila mtihani wala ada. Chuo kingeongeza hadi dola 1,000 kwa kila mwanafunzi kila mwaka juu ya fedha za kawaida za umma, na kitivo chake cha elimu kingesaidia mafunzo ya walimu. Ilifunguliwa Septemba 2001 kwa madarasa ya chini kwanza, ikakua hadi darasa la nane. Ilipewa jina la Sadie Tanner Mossell Alexander, Mmarekani Mweusi wa kwanza mwanamke kupata uzamivu wa uchumi, aliouchukua Penn mwaka 1921, kisha akarudi kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuhitimu sheria hapohapo.

Shule ilifanikiwa, na mafanikio hayo ni halali. Watoto Weusi wa familia za kipato cha chini walisoma dawati moja na watoto wa maprofesa, katika madarasa yasiyojaa kupita kiasi, ndani ya mfumo wa umma ambao shule zake nyingi ziliachwa ziporomoke. Nani atalalamikia hilo?

Lakini shule ya serikali Marekani ina mpaka. Mtu akiishi upande huu wa barabara, mtoto wake anaweza kuingia. Ng'ambo ya barabara, haingii. Mpaka ulipokuwa unachorwa, wazazi wa shule jirani, kama Lea, walikuwa na hofu ya wazi: familia zenye uwezo na sauti zitavutwa ndani ya mstari, na shule zao zitabaki na mzigo uleule na watetezi wachache zaidi. Walikuwa wanauliza swali la maana kuliko yote katika mpango mzima. Faida kubwa iliyofungiwa ndani ya mstari hugeuka kuwa bei. Dola 1,000 za kila mtoto, ambazo nia yake ilikuwa elimu, zilihamia taratibu kwenye thamani ya nyumba zilizo ndani ya mpaka. Bei ikapanda, kodi ya pango ikafuata. Mpangaji ambaye mtoto wake alikuwa katika madarasa ya mwanzo hakuwa na hati yoyote ya kumwezesha kubaki hadi mtoto wa pili afikie umri. Mara nyingi nyumba iliyoachwa iliingia familia yenye mshahara mkubwa kuliko iliyotoka, na mtaa ukazidi kuwa wa Wazungu. Wenyeji wana neno lao kwa hali hiyo, lililoungwa kutoka jina la chuo na neno la Kiingereza gentrification, yaani wenye uwezo kuhamia mtaani na wasio nacho kusukumwa nje: Penntrification.

Wenye nyumba wa muda mrefu nao walipigwa kwa upande mwingine. Thamani ya nyumba ikipanda, kodi ya majengo hupanda nayo, hata kama mwenye nyumba ni bibi mstaafu ambaye kipato chake hakijaongezeka hata senti. Jiji lilikuja na nafuu kwa wamiliki wa zamani ambao tathmini ya nyumba zao imepanda kupita kiasi. Ilianza 2014. Shule ilifunguliwa 2001. Kati ya miaka hiyo miwili kuna watoto waliomaliza shule hiyo kuanzia chekechea hadi darasa la nane, na kuna familia ambazo hazikusubiri.

Hapo ndipo lilipo kosa la mpangilio nililolitaja. Chuo kilikuwa na mamlaka ya kimkataba mwaka 1998. Kilikuwa kinaleta ardhi, fedha na jina, na jiji lilikuwa tayari kukubali karibu lolote. Ilikuwa siku ya kusema: kabla ya tofali la kwanza, tuandike ulinzi wa wapangaji wa eneo hili, tuandike nafuu ya kodi kwa wamiliki wa zamani, na fedha hizi tuzigawe kwa shule tatu badala ya moja ili mpaka usiwe na thamani ya kununuliwa. Njia ya Harkavy, ya kuingia katika shule zilizopo nyingi kwa kidogokidogo, ilikuwa na jibu la hilo ndani yake. Haikuunda mpaka. Ila haikuwa na uwezo wa kumbakiza profesa kijana asihamie vitongoji vya nje, na mwaka 1996 chuo kilikuwa na hofu ya kuwapoteza watu wa aina hiyo.

Jiji nalo sitaliacha hivihivi. Katika makubaliano haya yote, jiji lilikaa kama mgeni kwenye meza yake. Sababu yake ni fedha. Penn ni mwajiri binafsi mkubwa kuliko wote Philadelphia, lakini kama taasisi isiyotengeneza faida hailipi kodi ya majengo kwa sehemu kubwa ya mali yake, na kodi hiyo ndiyo inayolisha shule za jiji. Meya Ed Rendell mwaka 1994 aliziomba taasisi kama hizo zitoe mchango badala ya kodi. Penn ilitoa kama dola milioni 1.9 kwa mwaka kwa miaka 5. Makubaliano yalipokwisha mwaka 2000, hayakuhuishwa. Tazama ulinganisho huo: chuo kiliacha kuchangia mfuko wa jumla wa jiji, na wakati huohuo kikawa kinaigharamia shule moja iliyo jirani nacho. Sisemi kulikuwa na hila. Nasema hivyo ndivyo hiari inavyofanya kazi: anayetoa ndiye anayechagua mahali, na huchagua karibu na mlango wake. Jiji lenye mapato yake lingeweza kuamua kwamba shule iliyo kilomita tano kutoka chuoni, yenye asbesto kwenye dari, inatangulia.

Mwaka 2020 mamia ya wahadhiri na wafanyakazi wa Penn wenyewe walitia saini wakidai chuo chao kilipe badala ya kodi. Novemba mwaka huo chuo kilitangaza dola milioni 100 kwa miaka 10 kwa ajili ya kuondoa madini ya risasi na asbesto katika shule za umma za jiji zima. Ni fedha nyingi, na safari hii zilivuka mpaka wa mtaa. Bado ziliitwa mchango. Mwaka 2022 chuo kikaahidi zaidi ya dola milioni 4 kwa miaka 5 kwa shule ya Lea, ileile ambayo wazazi wake walipiga kelele mpaka ulipochorwa. Hoja yao ilipata jibu baada ya miaka kama 20.

Rodin aliahidi kwamba chuo hakitapanua majengo yake tena kuingia mitaa ya makazi ya magharibi na kaskazini, na ahadi hiyo iliheshimika kwa kiasi kikubwa; upanuzi ulielekea mashariki, kwenye ardhi ya zamani ya posta kando ya mto. Hii nayo ni ahadi iliyowafaa majirani kweli. Lakini mtaa unaweza kuwahamisha watu bila chuo kuweka jengo hata moja.

Mwaka 2021 mmiliki wa nyumba 70 za bei nafuu kwenye barabara ya Market, katika eneo lililokuwa Black Bottom, alitangaza kwamba hataendelea na mkataba wa ruzuku ya serikali. Nyumba hizo hazikuwa za Penn. Wakazi waliweka mahema mbele yake Julai 2022, na wanafunzi wa Penn wakabeba madai yao hadi kwenye hafla ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Aprili 2023 mgogoro uliisha kwa makubaliano: dola milioni 3.5 kwa wakazi waliolazimika kuondoka, na kipande cha kiwanja kipewe jiji. Ilikubaliwa kwamba hati ya kipande hicho iende kwa umma, na sharti la kujenga nyumba za bei nafuu juu yake liliandikwa kabla ya jengo lolote kusimama.